Umelipa dola 30, lakini kitabu si chako: malalamiko ya wachezaji wa Dungeons & Dragons

Kitabu cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kilichochapwa mwaka 1978 bado kinasomeka leo, ikiwa panya na unyevu vimekihurumia. Mwenyewe anaweza kumwazima rafiki, kukiuza au kumwachia mtoto wake. Kile cha mwaka 2024, kikinunuliwa kwenye jukwaa la mtandaoni la mchezo huo kwa dola 29.99, hakiuziki tena wala hakirithishwi. Mnunuzi amelipia ruhusa ya kukisoma, si kitabu chenyewe.

Kwa asiyeujua, huu ni mchezo wa mezani uliozaliwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano wanakaa pamoja, kila mmoja anajitungia mhusika, awe mpiganaji, mchawi au mwizi. Mwingine, kiongozi wa mchezo, anasimulia kisa, na dadu zinaamua nani anafaulu na nani anaanguka. Kinachoendesha yote hayo ni sheria, na sheria ziko vitabuni.

Tangu 2017 sheria hizo zinapatikana pia kwenye jukwaa la D&D Beyond. Kampuni ya Hasbro, inayomiliki mchezo kupitia tawi lake la Wizards of the Coast, ililinunua jukwaa hilo mwaka 2022 kwa dola milioni 146.3. Humo kuna malipo ya namna mbili. Kitabu kinalipiwa mara moja. Kisha kuna ada ya mwezi, dola 2.99 au 5.99, na hii ya pili inamruhusu kiongozi kuwagawia wachezaji wenzake vitabu alivyonunua. Akiacha kulipa, vitabu vinabaki kwenye akaunti yake, ila wenzake hawavioni tena.

Tuseme kweli: wengi wanaupenda mpango huu. Simu inafanya hesabu zote za mhusika, hakuna anayebeba vitabu vizito mgongoni, na kikundi kizima kinaweza kutumia kitabu kimoja. Na ada ya mwezi yenyewe haidanganyi mtu. Hapa kwetu anayenunua mega za siku anajua zitakufa, na hakuna aliyemwambia kwamba amezimiliki. Kinachouma ni lile neno "nunua" lililoandikwa kwenye kitufe.

Uzito wa neno hilo ulionekana Agosti 2024, wiki chache kabla ya kitabu kipya cha wachezaji kutoka. Jukwaa lilitangaza kwamba kwenye karatasi za wahusika, maneno ya kichawi na vifaa vya toleo la 2014 vitaondolewa na kuwekwa vya toleo jipya. Vya zamani vingebaki vya kusoma tu. Aliyetaka kuendelea navyo katikati ya mchezo wake angelazimika kuviandika upya kwa mkono, kimoja kimoja, ingawa alikwisha kuvilipia. Kelele zilipanda, na ndani ya siku chache kampuni ilirudi nyuma: vya zamani vikabaki. Lakini hakuna hakimu aliyeamua hivyo. Ni kampuni ilibadili mawazo.

Miezi michache nyuma, mwishoni mwa Aprili, jukwaa lilikuwa limefuta pia uuzaji wa vipande. Kabla ya hapo mchezaji aliyetaka aina moja tu ya shujaa au jini moja aliweza kulipa dola chache akaondoka nacho. Baadaye ikawa lazima achukue kitabu kizima.

Wakongwe wa mchezo hawakushangaa. Aprili 2009, Wizards of the Coast iliondoa sokoni vitabu vyake vyote vya PDF, ikieleza kwamba vinaibwa na kusambazwa mtandaoni, na ikawashtaki watu wanane wa Marekani, Poland na Ufilipino. Maduka yalipewa muda mfupi mno. Hata waliokwisha kulipa walikatiwa uwezo wa kupakua tena. Aliyekuwa ameweka faili kwenye kompyuta yake alibaki nayo. Aliyeitegemea akaunti ya duka alikosa. PDF hizo zilirudi kuuzwa Januari 2013.

Kuna pia kisa cha D&D Insider, huduma ya kulipia kila mwezi iliyoanza 2008. Programu yake ya kutengeneza wahusika mwanzoni ilipakuliwa na kukaa kwenye kompyuta ya mtu, hivyo aliyesimamisha malipo bado aliitumia. Mwishoni mwa 2010 ikahamishiwa mtandaoni. Iliendeshwa kwa teknolojia ya Silverlight ya Microsoft, na teknolojia hiyo ilipozeeka, huduma nzima ilizimwa tarehe 1 Januari 2020.

Wachezaji wana silaha moja, nayo ni kuacha kulipa. Januari 2023, ilipovuja habari kwamba Wizards inataka kubana leseni huria iliyowaruhusu wengine kutunga vitabu vyao juu ya sheria za mchezo, wengi walifuta usajili wao wa D&D Beyond. Kabla mwezi haujaisha, kampuni iliachana na mpango huo na kuweka sheria za msingi chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kufutwa. Hata hivyo, aliyefuta ada hakuweza kuhama na vitabu alivyonunua. Rafu nzima ilibaki kwenye seva za yule yule aliyemkasirikia.

Kwa kitabu cha karatasi, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua tangu 1908 kwamba aliyekinunua anaweza kukiuza tena bila kumuuliza mchapishaji. Cha mtandaoni hakina kinga hiyo. Jimbo la California limegusa jambo hili kwa upande wa maneno: tangu 1 Januari 2025, muuzaji wa bidhaa za kidijitali hawezi kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Sheria hiyo inawaachilia wanaouza faili ambayo mteja anaipakua moja kwa moja na kuitumia bila intaneti.