Yousuf Karsh: Mwanga, Kivuli na Sura ya Mtu

Wanafunzi wetu hapa Uganda wakitakiwa kuandika insha ya wasifu, wengi hutaja urefu, rangi na mavazi, kisha maneno huwaishia. Ndiyo maana tumeona inafaa kumweleza msomaji habari za Yousuf Karsh, mpiga picha aliyemsawiri mtu kwa mwanga na kivuli.

Karsh, Mwarmenia, alizaliwa Mardin mwaka 1908, katika Uturuki ya leo. Utotoni alishuhudia mateso ya watu wake, na mwaka 1922 familia ilikimbilia Aleppo, Syria. Baadaye alipelekwa Kanada kwa mjomba wake, George Nakash, mwenye studio mjini Sherbrooke. Mjomba akamtuma Boston kwa John Garo, fundi aliyetegemea mwanga wa mchana. Mwaka 1932 Karsh alifungua studio yake Ottawa, na huko akajiunga na kikundi cha maigizo. Taa za jukwaani zikamfunza kwamba mwanga waweza kupangwa, si kungojewa dirishani.

Katika picha zake nyingi taa kuu hukaa ubavuni, hivyo upande mmoja wa uso hung'aa na wa pili hubaki kivulini. Taa za nyuma huchora ukingo mwembamba kwenye nywele na mabega, ili mtu asimezwe na weusi ulio nyuma yake. Mikono nayo humulikwa kwa taa yake, kwani kwa Karsh mikono nayo ilikuwa na la kusema. Kivuli hiki wanafunzi hukiita giza. Sivyo: gizani hatuoni kitu, ilhali katika kivuli cha Karsh jicho na kunyanzi bado vinaonekana.

Picha iliyompa jina ni ya Winston Churchill, iliyopigwa katika Bunge la Kanada tarehe 30 Desemba 1941. Taa zilikwisha kupangwa. Churchill alikataa kuiweka chini sigara yake. Karsh akasogea, akaomba radhi na kuichomoa mdomoni. Uso ukakunjana, naye akapiga. Mwaka 2016 sura hiyo ilitokea kwenye noti ya pauni 5 ya Uingereza.

Kwa maoni yetu, Karsh aliwatukuza mno wakubwa. Taa zake humfanya karibu kila mtu shujaa. Tunaipenda zaidi picha ya mwaka 1954 ya Pablo Casals, mpiga cello, aliyoipiga Ufaransa. Casals ametupa mgongo, juu yake kidirisha kidogo tu. Uso haupo, lakini mtu yupo. Tumeitumia darasani, na insha zilizotoka hazikuanza na mavazi.

Karsh alifunga studio mwaka 1992, akafariki Boston Julai 2002. Nakala ya Churchill iliyotundikwa katika hoteli ya Château Laurier, Ottawa, iliibwa na nyingine ya bandia ikawekwa mahali pake. Wizi uligunduliwa Agosti 2022, pale mfanyakazi alipoona fremu haifanani na zile za jirani. Picha halisi ilipatikana Italia, ikarudishwa mwaka 2024.