Baada ya Tarumbeta Kunyamaza: Heshima za Kijeshi na Huduma kwa Wafiwa

Mchungaji anayeitwa kumzika askari hukuta taratibu nyingine zimekwisha kupangwa kabla hajafika. Jeneza limefunikwa bendera ya taifa, wabebaji wameteuliwa na jeshi, na ofisa ana ratiba yake mkononi. Wengi wetu hatukufundishwa chuoni namna ya kusimama mahali hapo. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Sehemu kubwa ya desturi hizi majeshi yetu yaliirithi kwa Waingereza, nazo zina maana yake. Bunduki inayogeuzwa mtutu chini ni ishara ya maombolezo. Tarumbeta ya kuagia ilikuwa kambini ishara ya usiku, kwamba malindo yamekaguliwa na siku imefungwa. Kwa desturi, baada ya kimya hufuata mlio wa pili, ule wa kuwaamsha askari asubuhi. Hatudhani kwamba waliouanzisha walikusudia kuhubiri ufufuo. Hata hivyo, mchungaji aijuaye 1 Wathesalonike 4:16, penye habari ya parapanda, hakosi la kuwaambia wafiwa kuhusu kimya kile cha katikati.

Hatari iko kwingine. Mwaka 1526 Martin Luther, kwa ombi la askari Assa von Kram, aliandika kijitabu juu ya swali kama askari nao waweza kuokolewa. Alitenganisha kazi na mtu: kazi ya askari yaweza kuwa utumishi wa halali, bali mtu mwenyewe huokolewa kwa imani, sawasawa na mkulima. Basi bendera si vazi la haki mbele za Mungu. Tena, tumesikia mahubiri ambayo marehemu aliitwa shujaa mara nyingi hata mjane akaona kulia ni utovu wa adabu. Ushujaa na usemwe na ofisa, naye anastahili kuusema. Sisi tuseme habari za Kristo, na tuwaache watu walie.

Yafaa pia kukutana na ofisa huyo mapema, tukubaliane bendera iondolewe lini na neno la mavumbi lisemwe lini. Watoto nao waambiwe mapema juu ya risasi zitakazopigwa hewani. Tumepata kuona mtoto akikimbia kaburi la baba yake.

Taifa halikosi kukumbuka. Huko Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wa vita vya Kagera vya 1978–1979, na tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ngao na mkuki huwekwa mnarani na viongozi wa dini huomba. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani huko Semuliki, Kivu ya Kaskazini, ilishambuliwa, na askari wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Waliagwa Dar es Salaam kwa heshima, kisha wakapelekwa kwa jamaa zao, Bara na Visiwani. Kuhusu fidia, Umoja wa Mataifa uliweka mwaka 1997 kiwango kimoja cha kifo kwa walinda amani wa mataifa yote. Kabla ya hapo kila nchi ilifuata sheria yake.

Lakini fedha, zikitoka Umoja wa Mataifa au serikalini, humwendea aliye na haki kisheria, na haki hiyo huthibitishwa kwa karatasi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, uteuzi wa msimamizi wa mirathi mahakamani, cheti cha ndoa. Katika usharika tuliotumikia zamani, mjane wa askari alitujia miezi minane baada ya mazishi. Shemeji zake walikuwa wamefanya kikao cha ukoo wakati wa matanga, yeye akiwa ndani na wanawake wenzake, na jina lake halikuandikwa popote. Cheti chake kilipotea walipohama kambini. Alituambia, "Baba Mchungaji, siku ile watu walikuwa wengi. Leo sijui hata niingie mlango upi."

Tulifungua daftari la ndoa la mchungaji aliyetutangulia. Mchwa walikuwa wamekula pembe ya ukurasa, ila namba, tarehe na sahihi za mashahidi zilisomeka. Kwa hiyo alipata nakala, akaipeleka mahakamani, na mzee mmoja wa usharika akaenda naye mara zote tatu alizoitwa. Twakiri kwa aibu kwamba katika ile miezi minane hatukuwa tumefika kwake hata mara moja.

Wako pia wasiofunga ndoa kanisani, nao ni wengi kuliko tunavyopenda kusema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, hudhania kuwa mume na mke wale walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana hivyo na watu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mchungaji aliyebatiza watoto wao aweza kuitwa kushuhudia jinsi walivyojulikana. Aende, na daftari la ubatizo mkononi, hata kama aliwahi kuwatenga na meza ya Bwana.