Taya la Mwanangu

Ndugu msomaji, safu hii kwa kawaida hushughulika na mambo ya kilimo, ushirika na maendeleo ya vijiji. Leo naomba ruhusa yako niseme juu ya nyumba yangu, kwa kuwa lililonikuta laweza kubisha hodi hata kwako.

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka sita alipoanza kuvimba taya la kushoto. Meno yakalegea kabla ya wakati wake. Tukasema ni jino. Likang'olewa, na uvimbe ukazidi. Jirani akataja jicho la hasidi. Nami niliyezoea kusimama majukwaani kuwahimiza wananchi wakimbilie hospitali mapema, nikanyamaza, mtoto akaandikiwa kombe, nikangoja. Dua siijutii, kwani dua haimzuii mtu kupanda basi. Nazijutia wiki tatu. Baadaye daktari alinieleza kwamba chembe za ugonjwa ule huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na tangu hapo nimekuwa nikizihesabu wiki zile kama mhasibu aliyepotewa na fedha za umma.

Ugonjwa wenyewe huitwa saratani ya Burkitt, kwa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, ambaye mwaka 1958 aliandika habari za watoto aliowaona wakiwa na mataya ya namna hiyo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenziwe wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000, wakipita hospitali baada ya hospitali kuuliza uvimbe huo unaonekana wapi. Wakabaini kwamba hufuata nchi za joto na mvua, ambazo ndizo nchi za malaria. Hauletwi na macho ya watu. Wala saratani haiambukizi. Nalisema hili kwa kuwa wapo waliowakataza watoto wao kunywa kikombe kimoja na wangu.

Tulikaa Muhimbili miezi kadhaa. Sitasema mengi: nywele zilikwisha, kinywa kilijaa vidonda, na siku za sindano ya uti wa mgongo mama yake alishindwa kubaki chumbani. Lakini uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache. Miongoni mwa dawa ilikuwamo vinkristini, ambayo asili yake ni ua la Madagaska, lile ua dogo la petali tano, jeupe au la waridi, liotalo mbele ya nyumba zetu bila kumwagiliwa. Miaka yote nalipita nikienda ofisi ya Chama, wala sikupata kulitazama mara mbili.

Watu hudhani kuruhusiwa kutoka wodini ndio mwisho wa safari. Kwa mtoto ilikuwa hivyo. Siku ya tatu alidai baiskeli. Aliyebaki mgonjwa ni mimi. Kila alfajiri baada ya sala niliingia chumbani kwake na taa, nikalipapasa taya. Nilimkataza mpira, nikamkataza pwani, hata madrasa nikataka asomee nyumbani. Asubuhi moja aliamka, akanishika mkono, akasema, "Baba, hili taya ni langu."

Nililichukua neno hilo hadi kliniki. Daktari akacheka kidogo, kisha akasema kwamba ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza, na kwamba kazi ya kupima ni yake kwa tarehe zake, si yangu na taa yangu.

Mwaka huo umetimia mwezi uliopita. Mtoto yuko darasa la pili, nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja, jambo linalomuudhi kuliko maradhi yenyewe. Jioni hucheza mpira nyuma ya ghala la ushirika, tena amechagua kuwa golikipa, mahali ambapo mpira humjia usoni. Mimi hukaa barazani na gazeti, nikisoma mstari mmoja mara tatu. Kliniki ni Alhamisi ijayo. Tikiti mbili za basi nimekwisha kuzikata.