Bima Huanzia Getini, Barabara ni ya Mgonjwa

Kwa mtu wa Mbalizi, mkoani Mbeya, barabara kuu ya kwenda Tunduma ndiyo soko, ndiyo ajira, na mara nyingi mno ndiyo msiba. Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hushuka mteremko wa Iwambi yakiwa na shehena ya tani nyingi, na breki zikigoma hakuna wa kuyazuia. Juni 2025 lori moja liliua watu 28 hapo, na haikuwa ajali ya kwanza ya aina hiyo mteremkoni. Wanaowahi eneo la tukio ni wale wale siku zote: vijana wa bodaboda, wenye bajaji, abiria wa daladala iliyokuwa nyuma. Wao ndio humpakia majeruhi na kumkimbiza Ifisi, hospitali ya kanisa iliyoteuliwa na serikali kuhudumia wilaya, au kumpandisha Mbeya mjini kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda.

Nani analipia safari hiyo? Wengi hatuulizi mpaka mgonjwa awe ameshalazwa na dereva amesimama mlangoni akisubiri chake.

Mwenye kadi ya bima hudhani amekingwa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulianza mwaka 2001 kwa watumishi wa umma, kisha ukapanuka. Kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo kukawa na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo tangu 2018 kaya ya watu sita katika mikoa mingi ililipia Sh30,000 kwa mwaka. Mifuko hiyo imeundwa kugharamia tiba: kumwona daktari, vipimo, dawa, kitanda, upasuaji. Kadi huanza kufanya kazi getini mwa hospitali. Kilomita zilizo kati ya damu ilipomwagika na lile geti zimebaki juu ya mgonjwa na ndugu zake, awe na kadi au asiwe nayo. Na mwenye CHF ana ukuta mwingine mbele yake, kwa kuwa kadi yake inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Jeraha la kichwa linalohitaji hospitali ya kanda limeshavuka uwezo wa kadi hiyo.

Tupige hesabu ndogo. Chukua mgonjwa aliye kilomita 60 kutoka hospitali inayoweza kumtibu. Gari la wagonjwa litakwenda na kurudi kilomita 120. Likila lita moja kwa kila kilomita saba, ni lita 17 hivi. Dizeli ikiwa Sh3,000 kwa lita, ni Sh51,000 za mafuta peke yake. Yaani safari moja inameza zaidi ya ile ada ya CHF ya mwaka mzima kwa watu sita. Ndiyo maana ule msemo wa "changieni mafuta kidogo" unawatisha ndugu kuliko daftari la daktari. Kituoni gari lipo, dereva yupo, tenki ni tupu. Naamini wauguzi wengi wanaolazimika kutamka maneno hayo huumia nayo, lakini maumivu yao hayamfikishi mgonjwa popote.

Panda sasa milima ya Umalila, njia ya Ilembo, mwezi wa Machi. Mvua imelainisha udongo, magari yanateleza. Huko safari huanza na machela: vijana wanabadilishana mabega hadi barabara inayopitika, kisha inatafutwa Noah ya kukodi. Bei hupangwa pale pale, usiku, mgonjwa akiwa anagumia, na mwenye gari anajua kwamba hamna pa kwenda. Familia inauza gunia la viazi au inakopa kwa jirani. Wengine husubiri kupambazuke ili nauli ishuke. Kusubiri huko kumeua watu.

Yupo mgonjwa mmoja aliyetolewa kwenye adha hii, naye ni mama mjamzito. Mfumo wa m-mama, uliojaribiwa kwanza Kanda ya Ziwa na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, unatumia namba 115, ambayo kuipiga ni bure. Mhudumu anayepokea simu huuliza hali ya mama au kichanga, hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana humpigia dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Dereva akimfikisha mama hospitali, analipwa kwa simu. Familia haitoi shilingi. Kila nyumba yenye mjamzito, kuanzia Mbalizi hadi Shigamba, inapaswa kuijua namba hiyo kwa kichwa.

Mataifa mengine nayo yamehangaika na jambo hili. Uingereza, mwenyeji anayechukuliwa na gari la dharura la NHS, huduma ya afya ya umma, haletewi ankara. Marekani, sheria iliyoanza Januari 2022 kuwakinga wenye bima na ankara za kushtukiza iligusa ndege za wagonjwa, ikayaacha nje magari ya barabarani, na huko safari fupi tu huweza kumwachia mtu deni la mamia ya dola. Jirani zetu Kenya, katika sheria yao ya bima ya jamii ya 2023, waliunda mfuko wa dharura na magonjwa sugu na mahututi.

Sisi tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Kila inapojadiliwa, maswali huwa juu ya ada, dawa na vipimo. Wabunge wa Mbeya na Songwe wana sababu ya kusimama na kuuliza kuhusu gari. Njia ya kulipia safari hiyo imeshajengwa na m-mama: simu inapokelewa, madereva wapo kwenye orodha, malipo yanapita kwa simu. Leo, dereva yule yule aliyelipwa jana kwa kumfikisha mjamzito Ifisi, akimwokota majeruhi wa lori pale Iwambi, hana ofisi ya kumrudishia hata pesa ya lita tatu za mafuta. Fungu la bima linaweza kuingia hapo, kwa kuanzia na majeruhi wa barabara kuu.