Ganzi na Makovu ya Mkono wa Kusafishia Damu

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi kwa kawaida husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, saa nne hivi kila mara, na kwa kuwa kila mara huchomwa sindano mbili nene, moja ya kutoa damu na nyingine ya kuirudisha, mkono wake hupata matundu zaidi ya 300 kwa mwaka. Makovu na ganzi ya mkono huo wengi huvibeba kimya kimya, ilhali kovu lililopona vizuri halina dhara, na ganzi ni habari inayopaswa kumfikia daktari mapema.

Mahali pa sindano hutengenezwa kwa upasuaji unaounganisha ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, na vena, mshipa unaoirudisha, ili vena ipokee damu yenye kasi, itanuke na ukuta wake ukomae kwa wiki kadhaa kabla ya kuchomwa. Njia hiyo, iliyoelezwa na Brescia, Cimino na wenzao wa New York mwaka 1966, huitwa fistula, jina ambalo Watanzania wengi wamelizoea kwa nasuri ya uzazi, ingawa mambo hayo mawili hayana uhusiano wowote. Kidole kikiwekwa juu yake husikia mtetemo laini kama wa paka anayekoroma. Mtetemo huo ukikoma, njia huenda imeziba na mgonjwa hana budi kuwahi hospitali siku hiyohiyo.

Ganzi ina vyanzo kadhaa. Kisu cha upasuaji huweza kugusa neva ndogo ya ngozi, na hapo ganzi hubaki kando ya kovu bila kuenea. Kisukari na sumu zinazolimbikizwa na figo mbovu hudhoofisha neva, mara nyingi zikianzia miguuni. Na baada ya miaka mingi ya mashine, neva inayopita kwenye kifundo cha mkono huweza kubanwa. Chanzo cha kuogopwa zaidi ni damu kuchepukia kwenye fistula na kuviacha vidole na kidogo, hali inayotambulika kwa vidole kuwa baridi, kupauka, kuuma wakati wa mashine na hata kutoka vidonda kwenye ncha.

Kwa mvuvi wa Musoma anayevuta kamba za nyavu, mkulima wa pamba wa Bunda au mama wa Butiama anayeepua sufuria jikoni, mkono wenye ganzi huungua au kukatwa bila mwenyewe kujua. Kuukanda kwa maji ya moto, tiba inayopendwa majumbani, huongeza hatari hiyo, na kuuchanja chale ili kutoa ganzi ni hatari kubwa zaidi, kwa sababu chini ya ngozi hiyo damu inapita kwa nguvu ya ateri.

Makovu nayo hutegemea namna ya kuchoma. Sindano zikirudiwa eneo moja, ukuta wa mshipa hulegea na kufanya uvimbe, hivyo wauguzi huhamisha matundu hatua kwa hatua, kama mtu apandaye ngazi. Ngozi juu ya uvimbe ikiwa nyembamba na ya kung'aa, au kigaga kisipopona, daktari aone mara moja. Damu ikiruka, tundu libanwe kwa nguvu kwa kitambaa safi, mkono uinuliwe na mgonjwa apelekwe hospitali iliyo karibu, badala ya kusubiri safari ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo kutoka Musoma ni zaidi ya kilomita 200.

Mkono wenye fistula haupimwi presha, hautolewi damu ya vipimo, haubebi ndoo wala kuvaa bangili ya kubana. Mlinzi wake wa kila siku ni mkono wa pili, ulio mzima, ambao jioni husikiliza mtetemo na, kabla ya kuoga, hutangulia kupima joto la maji.