Moto wa Kichina na Damu ya Mama

Damu ya mwezi ni desturi ya mwili wa mwanamke. Huja, hukaa siku chache, kisha huondoka. Lakini ikizidi siku saba, ikija katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, au ikimrudia mama aliyekwisha kukoma siku zake, hiyo si desturi tena. Ni dalili.

Kila taifa limetafuta dawa ya jambo hili. Wachina hutumia moto. Majani makavu ya mmea wa jamii ya pakanga hutwangwa hata yakawa laini kama pamba, husokotwa mfano wa sigara nene, huwashwa, kisha hushikwa karibu na ngozi. Kwa damu inayozidi, huchagua pembe ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu, upande wa ndani. Madaktari wa Kichina walifika Unguja mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na leo dawa zao si ngeni nchini.

Je, moto huo huponya? Huko China umejaribiwa kwa wagonjwa, na wako waliosema wamepata nafuu. Lakini majaribio mengi ni madogo, hayatoshi kuthibitisha. Tena joto la kidoleni halimwambii mama damu inatoka wapi. Huenda ni mimba inayoharibika. Huenda ni uvimbe katika tumbo la uzazi, au sindano ya kuzuia mimba. Huenda ni kansa ya shingo ya kizazi, inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko kansa nyingine zote. Kuipima si kazi ngumu: hupakwa siki kidogo, na penye shaka hugeuka peupe. Ikionekana mapema hutibika. Tangu mwaka 2018 wasichana huchanjwa kuizuia.

Basi akina mama, wekeni alama katika kalenda kila siku ya damu, mkamwonyeshe daktari. Mama wa Umatengo ana Litembo na Mbinga. Wa ziwani ana Mbamba Bay na Liuli. Tena iko Peramiho. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66, imerahisisha safari.

Lakini damu ikilowesha kitambaa kizima kila saa, au viganja vikiwa vyeupe, moyo ukienda mbio na kizunguzungu kikimshika akilima ngolo, asingoje kesho. Vivyo hivyo mwenye mimba akiona damu, au aliyejifungua ikizidi. Atafutiwe chombo saa ile ile, iwe gari, pikipiki au mtumbwi.

Nanyi akina baba, msiseme, "Hayo ni mambo ya wanawake." Nauli ya mgonjwa haingoji kahawa iuzwe. Wekeni akiba kidogo nyumbani, na mke aambiwe ilipo. Haya imewazika wengi. Mficha uchi hazai.