Weupe wa Theluji katika Picha za Kompyuta

Mwanafunzi anayeketi mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza, akakusudia kuchora nchi iliyofunikwa na theluji, aghalabu huanza kwa kuchagua rangi nyeupe na kuipaka uwanja mzima. Matokeo yake humvunja moyo. Badala ya theluji hupata kitu kinachofanana na karatasi iliyokatwa na kubandikwa juu ya milima. Kosa halimo mkononi mwake wala katika mashine. Limo katika dhana ya kwamba theluji ni kitu cheupe.

Kwa hakika theluji haina rangi. Kila chembe yake ni fuwele ya barafu, nayo barafu safi hupitisha mwanga kama kioo. Lakini kila uso wa fuwele hurudisha sehemu ndogo ya mwanga unaoufikia, na kuupinda ule unaopenya. Na katika konzi moja ya theluji nyuso hizo ni nyingi mno. Mwanga hurushwa huku na huko, kisha hutoka ukiwa na rangi zake zote karibu kama ulivyoingia. Jicho likipokea rangi zote kwa pamoja huona weupe. Hiyo ndiyo sababu ya weupe wa povu la mawimbi ufukoni, na wa chumvi ya mezani pia: punje moja ikitazamwa kwa lenzi ya kukuzia huonekana kuwa ya kioo, bali rundo lake ni jeupe. Theluji mpya na safi hurudisha kiasi cha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua unaoiangukia.

Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo mchoraji hana budi kulishika. Kitu kinachorudisha karibu mwanga wote hakina rangi yake cha kuonyesha. Huonyesha rangi ya mwanga uliokifikia. Asubuhi, jua likiwa chini, miale yake hupita katika hewa nyingi na kupoteza sehemu kubwa ya buluu njiani. Basi theluji inayotazamana na jua huwa ya manjano au ya waridi. Je, kivulini? Huko jua halifiki, lakini mbingu yote huangaza, na mbingu ni ya buluu. Kwa hiyo kivuli juu ya theluji, siku isiyo na mawingu, si cheusi wala si cha kijivu, bali ni cha samawati, neno ambalo asili yake katika Kiarabu ni mbingu zenyewe. Mfaransa Claude Monet alivichora vivuli vya namna hiyo katika picha yake ya ndege juu ya lango la uani, iitwayo La Pie, aliyoifanya kati ya 1868 na 1869. Wakuu wa maonyesho ya Paris waliikataa mwaka 1869. Leo imetundikwa katika jumba la makumbusho la Orsay, mjini humo humo.

Katika kompyuta picha ni nukta nyingi, na rangi ya kila nukta kwa kawaida huandikwa kwa namba tatu, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu, kila moja ikianzia 0 na kukomea 255. Namba zote tatu zikifika 255, weupe umekwisha. Hakuna mwingine wa kuongeza. Mchoraji aliyeutumia wote uwanjani hana akiba ya kuonyesha mmeto wa fuwele moja. Afadhali theluji yenye jua apewe, tuseme, 245, 236 na 220, na kivuli chake 150, 175 na 215. Namba hizo si sheria. Mizani kati yake ndiyo yenye maana: upande wa jua nyekundu imeizidi buluu, na kivulini ni kinyume chake. Ile 255 kamili ihifadhiwe kwa vimeto vichache tu.

Tena mwanga hauishii juu. Huingia ndani ya theluji na kutokea mahali pengine, na kwa sababu hiyo kingo za theluji huonekana laini. Ukisafiri mbali ndani yake, barafu hunyonya nyekundu zaidi kuliko buluu. Ndipo shimo lililochimbwa katika theluji nene huwa na buluu ndani yake. Mwaka 2001 Henrik Wann Jensen na wenzake walitangaza njia nyepesi ya kukokotoa safari ya mwanga chini ya uso wa vitu kama marumaru na maziwa, na njia za aina hiyo sasa hutumika sana katika programu za kuchorea.

Theluji inayosogea ni kazi nyingine, na ngumu zaidi, maana mara hutiririka kama mchanga, mara hushikana kama udongo. Kwa ajili ya filamu ya Frozen ya mwaka 2013, Alexey Stomakhin na wenzake waliigawa theluji katika chembe zinazobeba uzito na mwendo, wakakokotoa nguvu zake juu ya wavu wa miraba. Theluji yao ikigandamizwa huwa ngumu, ikivutwa hukatika.

Iliyobaki ni kujua theluji hukaa wapi. Programu nyingi hupima mwinamo wa ardhi na kuacha majabali wima yakiwa matupu. Lakini mwinamo pekee hautoshi kwa mtu anayetaka kuchora Kibo, mita 5,895 juu ya bahari. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2009 na Lonnie Thompson na wenzake vilionyesha kwamba asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwapo huko mwaka 1912 lilikuwa limetoweka kufikia 2007. Kofia pana nyeupe inayorudiwa katika mabango ni picha ya mlima wa zamani, na anayeichora yafaa aandike mwaka wake chini.

Somo la vivuli laweza kujaribiwa hata Dodoma adhuhuri, pasipo theluji. Karatasi nyeupe hutandazwa juani siku ya mbingu safi, na kijiti husimamishwa juu yake. Picha hupigwa kwa simu, kisha namba za rangi za kivuli na za mahali penye jua husomwa katika programu yoyote ya kuchorea na kulinganishwa.